Wakikupima kwa sura badala ya kazi: mwongozo kwa wafanyakazi wa Unguja na Pemba

Methali ya "uzuri wa mkakasi, ndani kipande cha mti" kila Mzanzibari anaijua tangu skuli, na bado haijampatia mtu hata mmoja kazi ya mapokezi. Anayeajiri anatazama. Anatazama rangi, urefu, meno, ushungi, ndevu na viatu, na mara nyingi ameshaamua kabla hujafungua bahasha. Mwongozo huu haukuombi ujifanye huyaoni hayo, wala haukwambii "jiamini" kisha ukakuacha papo hapo. Ninachokipigania ni kimoja: usibishane na macho ya mtu, mpe kitu cha kukishika. Uwezo usioonekana, usiohesabika na usioandikwa popote hauwezi kushindana na sura, kwa kuwa sura haihitaji ushahidi.

Nimeelekea zaidi kwenye hoteli kwa sababu huko ndiko vijana wetu wengi wanakohangaikia ajira, kuanzia Nungwi na Kendwa mpaka Paje na Jambiani. Mwalimu wa Wete, karani wa benki Chake Chake na fundi wa Fumba watachukua yanayowafaa.

Hatua ya kwanza: tenga mafungu matatu

Chukua karatasi uandike maneno uliyoambiwa, kama yalivyosemwa, bila kuyatia chumvi. Kisha yagawe.

Fungu la kwanza ni kanuni za kazi. Kucha fupi jikoni, nywele zilizofunikwa, viatu visivyoteleza, kutovaa pete wakati wa kukanda unga, sare iliyopigwa pasi. Kanuni ya kweli ina alama mbili: inamhusu kila anayefanya kazi ile, na sababu yake inaelezeka kwa sentensi moja. Usipoteze nguvu kupigana na fungu hili. Mpishi anayedai anaonewa kwa kuambiwa akate kucha anajiharibia siku atakapokuwa na lalamiko zito.

Fungu la pili ni picha iliyo kichwani mwa mtu. Hapa ndipo yalipo mengi: "hana sura ya mapokezi", "tunataka mtu smati", "wageni hawatampenda", "anaonekana mshamba", "kibonge huyu ataweza ngazi?" Hakuna kanuni iliyoandikwa, hakuna kipimo, ni mazoea tu. Mwaka 1920 mwanasaikolojia wa Marekani, Edward Thorndike, alionesha jinsi maafisa wa jeshi walivyowapa maksi askari wao: aliyesifiwa umbo alisifiwa pia akili, uongozi na tabia, kana kwamba vyote ni kitu kimoja. Maafisa wale hawakuwa na chuki na askari wao. Jicho lilitangulia na mengine yakalifuata. Hilo ni la kulijua kwa sababu mtu wa fungu la pili hubadilika akipewa ushahidi, tena hubadilika haraka kuliko unavyodhani, kwani naye ana bosi wake anayemuuliza kazi imekwendaje.

Fungu la tatu ni ubaguzi. Rangi ya ngozi, asili ya mtu, dini, jinsia, ujauzito, ulemavu. Meneja anaposema "mapokezi nataka weupe" hajatoa maoni ya urembo. Amebagua kwa rangi. Anayemwambia mwenye ualbino akae stoo wageni wasimwone, hali kadhalika.

Kuna maneno yanayosimama mpakani. Mhudumu ana kovu la moto shavuni, anaambiwa ahamie kufua mashuka "kwa faida yake mwenyewe". Je, ni la pili au la tatu? Jiulize: kovu linamzuia kufanya kazi gani? Mwengine mwenye kovu mkononi amehamishwa? Mshahara au bakshishi imepungua kwa kuhamishwa? Bakshishi hasa, kwa sababu anayekaa nyuma hakutani na mgeni, na asiyekutana na mgeni mfuko wake huwa mwepesi. Kama jibu ni kwamba kazi haizuiliki na kipato kimeshuka, lichukulie kwa uzito wa fungu la tatu hata kama aliyesema alikuwa anatabasamu.

Hatua ya pili: uwezo ufike kabla ya uso

Usitie picha kwenye sivii kama tangazo halikuitaka. Wengi wanaitia kwa mazoea, tena picha ya harusi iliyokatwa, bega la mtu mwengine likionekana pembeni. Picha ikitakiwa, peleka ya pasipoti, uso wazi, nyuma kweupe, basi.

Mistari mitatu ya mwanzo ya sivii iseme unachoweza kukifanya kesho asubuhi ukiajiriwa, si ndoto zako. "Nimehudumu mgahawani misimu miwili. Nazungumza Kiingereza na Kitaliano cha kazini. Naweza kufunga hesabu ya kaunta mwisho wa zamu." Kitaliano nimekitaja makusudi: ukanda wa Kiwengwa umepokea Wataliano kwa miaka mingi, na mtu anayeweza kumweleza mgeni wa huko saa ya chakula, njia ya ufukweni na bei ya teksi kwa lugha yake hana haja ya kuwa mrefu.

Kama una namba ya afisa utumishi, piga simu au tuma ujumbe mfupi wa sauti kabla ya kwenda. Anayekusikia ukijieleza vizuri kabla hajakuona anakuja kukutazama akiwa tayari ana maoni mengine juu yako. Hili ni khasa kwa wale ambao mlango wa kwanza huwafungwa kwa sababu ya umbo.

Halafu kuna askari wa langoni, ambaye kwa hoteli nyingi za pwani ndiye msaili wa kwanza bila ya kuteuliwa na mtu. Ukifika na jasho la daladala na bahasha iliyokunjika, anakwambia "nafasi hakuna" na bahasha inaishia kibandani. Msalimie kwa jina la heshima, mwambie umekuja kwa nani ("nimekuja kuleta barua kwa afisa utumishi, Bi Fulani"), muulize barua hupelekwa siku gani, na andika tarehe na saa mbele yake. Akiona unaandika, barua hupata miguu. Jina la afisa utumishi ulitafute kabla. Jirani yako mmoja anafanya kazi pale au anamjua anayefanya.

Na chagua wakati. Wageni wengi huja Juni hadi Oktoba, kisha tena kuanzia mwishoni mwa Disemba hadi Februari. Masika, Machi hadi Mei, hoteli hupunguza watu, nyengine hufunga kabisa Aprili na Mei. Anayeomba Julai katikati ya pirikapirika huchaguliwa kwa jicho tu, maana hakuna mwenye muda wa kusoma. Anayeomba katikati ya Mei, timu inapopangwa upya, ana nafasi ya kuketi na kuulizwa maswali. Kwa mtu anayehofia kuhukumiwa kwa sura, wiki zile za Mei ni dhahabu.

Hatua ya tatu: tumia pesa pahala panapolipa

Watu hufilisika hapa. Anakopa kwa shoga yake, ananunua wigi, viatu vya visigino na manukato, anafika kwenye usaili akitembea kama aliyekanyaga miiba. Kinachotazamwa na msaili mzoefu ni vitu vichache na vya bei nafuu: nguo safi inayokutosha, pasi, viatu vilivyopigwa dawa, kucha, kinywa. Shati moja jeupe la mitumba lililonyooshwa vizuri linatosha misimu miwili. Kwa kazi ya chakula punguza manukato. Udi wa nyumbani uliokaa kwenye nguo haudhuru, lakini marashi makali yanagombana na sahani ya mgeni. Kama umetoka harusini na mikono ina hina na piko, nenda hivyo hivyo, ila ukiombea kazi ya jikoni sema mapema kuwa ni rangi iliyopakwa ngozini na mikono imeoshwa. Meneja wa kigeni hajui.

Mkorogo usiuguse. Najua wanaopaka wiki chache kabla ya usaili kwa kuwa wamesikia "mapokezi wanataka weupe". Vipodozi vyenye zebaki na haidrokwinoni vimepigwa marufuku nchini, na Wakala wa Chakula na Dawa Zanzibar hukamata na kuteketeza shehena zake. Zebaki huingia mwilini kupitia ngozi na kuharibu figo. Haidrokwinoni ikitumika muda mrefu huacha mabaka ya rangi ya buluu nyeusi usoni ambayo hayatoki kirahisi, na jua letu huzidisha mambo. Kwa hiyo mtu anaweza kuipata kazi kwa weupe wa miezi mitatu na kuipoteza kwa mabaka ya mwaka unaofuata.

Ushungi ni suala la peke yake, na hapa nina msimamo. Hoteli kadhaa Unguja zimeshashona sare yenye mtandio wa rangi yake na biashara haikufa. Kwa hiyo usikubali kuambiwa kwamba haiwezekani. Fanya hivi: kabla ya kutia saini mkataba, uliza sare ikoje na uombe jibu kwa maandishi, hata ujumbe wa simu unatosha. Ukiambiwa ushungi haumo, usianze kwa hoja ya dini, anza kwa pendekezo: mtandio wa rangi ya sare, mfupi, uliofungwa nyuma, usioning'inia. Jikoni na kwenye mashine za kufulia hoja ya usalama ni ya kweli, basi ijibu wewe kabla hawajaisema: ushungi ulioshonwa, usio na pini, kwa sababu pini ikidondoka kwenye sahani ya mgeni hakuna atakayekutetea. Kaka zangu wenye ndevu, na nyinyi mfunikwe: kivalio cha ndevu cha jikoni ni kitu cha kawaida, kiombeni badala ya kugombana.

Hatua ya nne: geuza usaili uwe jaribio

Hili ndilo lenye nguvu kuliko yote, na ndilo linaloogopwa. Watu hukaa kitini wakisubiri kuulizwa "jielezee". Swali lile ni mtego wa sura, kwa sababu unapojieleza msaili anakutazama tu. Ombeni kufanya kazi.

Kwa mapokezi, sema hivi, baada ya salamu na heshima zake: "Bi Meneja, nimefahamu nafasi hii ni ya kukaa na wageni. Naomba mnijaribu. Mgeni amefika saa tano asubuhi, chumba chake hakijawa tayari, na amekasirika. Yeyote hapa awe mgeni, mie nimpokee." Aliyetaka kukukataa kwa uso sasa ana kazi ya kukusikiliza. Fanya mazoezi nyumbani mpaka maneno yatoke bila kutafutwa: kuomba radhi mara moja tu, kutoa maji au madafu, kumweleza saa kamili chumba kitakapokuwa tayari, kumwonesha pa kuweka mizigo.

Usafi wa vyumba: omba kutandika kitanda kimoja mbele yao, pembe zikazwe, na useme unaanza wapi na unamalizia wapi ukiingia chumba kilichotoka mgeni. Mgahawa: beba sahani tatu, kariri oda ya meza ya watu wanne bila kuandika, kisha iandike uwaoneshe. Hesabu: omba risiti za siku moja uzilinganishe na fedha ya kaunta.

Mtembeza wageni ana mtihani wake, na hili liwafikie vijana wenye rasta ambao kila wakitokea Forodhani huitwa mapapasi, yaani wanaowaganda wageni mitaani. Kwanza kibali na kitambulisho cha Kamisheni ya Utalii kikae kifuani, si mfukoni. Pili, mpe mwenye kampuni dakika kumi za Mji Mkongwe: soko la watumwa la Mkunazini lilifungwa 1873, Beit al Ajaib ilijengwa 1883 na Sayyid Barghash, na sehemu yake ikaanguka 25 Disemba 2020, mji uliingia katika Urithi wa Dunia mwaka 2000. Anayeyasema hayo kwa mpangilio, akajua na kipi asikiseme mbele ya watoto wa wageni, nywele zake zinasahaulika kabla hamjafika Darajani.

Tahadhari moja. Jaribio ni nusu siku au siku moja, mbili kwa jikoni. Ukiambiwa "njoo mwezi mzima tukutazame" bila malipo wala karatasi, hilo si jaribio. Omba muda wa majaribio uandikwe ndani ya mkataba, pamoja na mshahara wake.

Hatua ya tano: daftari

Nunua daftari dogo. Kila mwisho wa zamu andika mistari miwili: tarehe, jambo lililotokea, ulichokifanya, nani aliona. Mfano: "14 Agosti. Mgeni wa chumba 12 begi lake lilibaki uwanja wa ndege. Nilipiga simu mara tatu, likaletwa saa mbili usiku. Shahidi dereva wa zamu." Usiandike hisia, usiandike matusi dhidi ya mtu. Siku moja huenda likasomwa na watu watatu mezani, na unataka lisomeke kama kazi.

Jina lako lijulikane. Vaa kitambulisho, na unapomaliza kumhudumia mgeni mwambie "mie naitwa Fulani, ukihitaji kitu nitafute". Wageni wengi wakirudi kwao huandika maoni mtandaoni, na humtaja aliyewahudumia kwa jina walilolishika. Kila ukitajwa, piga picha ya ukurasa, uihifadhi yenye tarehe. Nimeona meneja akibadilisha maneno yake katikati ya sentensi baada ya kuwekewa karatasi sita za namna hiyo mezani. Usimlazimishe mgeni kuandika, wala usimwombe nyota. Hilo linanuka na wageni wanalijua.

Peleka muhtasari wa daftari kwa mkuu wako mwishoni mwa Februari. Si Aprili. Orodha ya nani anabaki na nani anarudi nyumbani kwa masika hupangwa mapema kuliko mnavyoambiwa, na inapopangwa bila karatasi hupangwa kwa nani anaonekanaje.

Wazuri nao

Tusijidanganye kwamba mwenye sura amenusurika. Wachumi Daniel Hamermesh na Jeff Biddle walionesha mwaka 1994, kwa takwimu za Marekani na Canada, kwamba wanaoonekana wa kawaida au chini yake hulipwa pungufu, na hilo liliwahusu wanaume pia. Lakini dada aliyewekwa mapokezi kwa uzuri wake ana tatizo jengine: hafundishwi. Anasimamishwa mlangoni na glasi za juisi, mafunzo ya mfumo wa kuhifadhi vyumba anapelekwa mwengine, na akiomba kuwa msimamizi anaulizwa nani atakaa mbele. Akipanda cheo watu wanauliza amempa nani nini. Na baadhi ya wageni, na baadhi ya mabosi, hudhani tabasamu la kazi ni mwaliko.

Dada, kwako daftari ni muhimu maradufu. Omba mafunzo kwa maandishi, taja mfumo unaotaka kuujua na siku. Anayekugusa au kukutumia ujumbe usiku, hifadhi ujumbe, andika siku na saa, mwambie mtu mmoja unayemwamini siku ile ile. Sifa ya uzuri ikitolewa kazini, ijibu kwa kurudi kazini: "Ahsante. Ripoti ya jana umeiona?"

Kejeli za wenzako

Utani ni mwingi kwetu, na si kila neno la kupelekwa afisini. Mara ya kwanza jibu kwa wepesi au nyamaza. Mara ya pili mchukue pembeni, bila hadhira: "Kaka, lile neno la wembamba wangu mbele ya wageni silipendi. Tukiwa wenyewe tutataniana mengine." Mara ya tatu andika daftarini na umwambie msimamizi. Anayekutania rangi au kilema hapewi nafasi ya pili.

Siti binti Saad, mtoto wa Fumba aliyekuwa akiuza vyungu, alikejeliwa waziwazi kwa sura yake na kwa kutoka shamba. Alijibu kwa kuimba, na mwaka 1928 akapanda meli kwenda Bombay kurekodi santuri. Wengi hukumbuka jibu lake. Mie hutazama kwamba hata waliomkejeli walilazimika kuitaja sauti yake ndani ya kejeli yenyewe. Walikuwa hawana pa kuikwepa.

Hatua ya sita: kuzungumza na mkuu

Omba miadi, usimvamie korido. Dakika kumi zinatosha. Nenda na karatasi moja. Usianze na "mnanionea", anza na kazi: "Bosi, ahsante kwa muda wako. Tangu Juni nimefanya hivi na hivi, na hizi ni kauli za wageni. Nafasi ya mapokezi ilipotoka niliambiwa sina sura yake. Naomba nijue ni kipimo gani cha kazi sikukifikia, ili nikifanyie kazi." Kisha nyamaza. Ukimya huu ni mgumu kwetu, tumezoea kumsaidia mkubwa asiaibike. Usimsaidie. Akitaja kipimo cha kweli, kiandike na muombe tarehe ya kukitazama tena. Asipokuwa nacho, ameshasema mwenyewe.

Siku hiyo hiyo mwandikie ujumbe wa heshima: "Bosi, ahsante kwa mazungumzo ya leo. Kwa nilivyofahamu, umenieleza kuwa..." Sasa mazungumzo yameshakuwa maandishi.

Hatua ya saba: sheria

Mambo ya kazi si ya Muungano. Ukisoma mtandaoni ushauri wa sheria za bara na ile Tume ya Usuluhishi na Uamuzi, ujue si zako. Zako ni Sheria ya Ajira Namba 11 ya 2005 na Sheria ya Mahusiano Kazini Namba 1 ya 2005, na juu yake Katiba ya Zanzibar ya 1984, ambayo kifungu chake cha 12 kinazungumzia usawa na kukataza ubaguzi.

Hapa wengi hupotea: wanapeleka lalamiko la "sura". Mkataba wa Shirika la Kazi Duniani Namba 111 wa 1958, ambao Tanzania imeuridhia, unataja misingi saba ya ubaguzi: asili ya kizazi, rangi, jinsia, dini, maoni ya kisiasa, utaifa wa asili na asili ya kijamii. Sura haimo. Urembo haumo. Kwa hiyo lalamiko lako lifunge kwenye kinachotambulika. "Waliniona mbaya" ni vigumu kulisimamisha. "Niliambiwa mapokezi wanataka weupe, nikahamishwa tarehe fulani, na aliyewekwa hana cheti nilichonacho" lina miguu. Ulemavu au ujauzito ukihusika, utaje kwa jina lake.

Barua iwe fupi:

"Yah: Malalamiko ya kuhamishwa kazi. Mimi, mhudumu wa mgahawa tangu (tarehe), nilihamishiwa kufua tarehe (…). Sababu niliyopewa na (cheo) mbele ya (shahidi) ni (maneno yenyewe). Sababu hiyo haihusiani na utendaji wangu, kama vielelezo 1 hadi 4 vinavyoonesha. Naomba nirejeshwe katika nafasi yangu au nipewe sababu ya kikazi kwa maandishi ndani ya siku saba."

Nakala mbili, moja igongwe muhuri wa kupokelewa ubaki nayo. Wakikataa muhuri, itume kwa baruapepe ili tarehe ibaki. Kama kazini kuna tawi la chama cha wafanyakazi, mshirikishe kiongozi wake kabla ya barua, si baada. Bila tawi, uliza Shirikisho la Vyama vya Wafanyakazi Zanzibar, ZATUC, ni chama gani kinahusika na sekta yako.

Usipojibiwa, nenda Kamisheni ya Kazi. Migogoro inayoshindikana hupelekwa kwenye usuluhishi, pande mbili mbele ya msuluhishi. Usuluhishi ukigoma hufuata uamuzi, na mwisho Mahakama ya Kazi. Walio Pemba waanzie afisi ya kazi Chake Chake, wasipande boti bure. Usichelewe, kwa sababu madai ya kazi yana muda wake na mwajiri wa kwanza kuhesabu siku ni yule uliyemshitaki.

Ukiwa wewe ndiye unayechagua

Mwenye mgahawa mdogo Paje, mkuu wa skuli Konde, msimamizi wa duka: andika maswali matano kabla ya usaili, muulize kila mtu yale yale kwa mpangilio ule ule, mpe maksi kila swali papo hapo kabla ya kujadiliana na mwenzako. Weka jaribio la kazi lenye maksi nyingi kuliko mazungumzo. Na tangazo lisiandike "mwenye mvuto". Andika unachokitaka: anayeweza kusimama kwa muda wa saa nane, anayezungumza lugha fulani, anayejua kompyuta.

Kama umeamua kuondoka

Ukishajaribu na bosi habadiliki, usiondoke kwa hasira katikati ya Agosti. Maliza msimu, chukua mshahara na likizo yako yote, omba cheti cha utumishi kinachotaja kazi ulizofanya na muda wake, na omba barua ya sifa kwa mkuu wa idara aliyekuona ukifanya kazi, maana huyo anaandika vizuri kuliko meneja mkuu. Nakili namba za wageni na mawakala waliokupa ruhusa wenyewe, si orodha ya hoteli. Kisha masika yakianza, kaa na daftari lako, lichambue upya liwe sivii, na kufikia katikati ya Mei bahasha ziwe zimeshafika kwenye meza tatu.